Nyanya zetu za uani: majani tele, matunda hakuna

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na wenzetu wa Mwanza wanaolima nyanya nyumbani, kwenye ndoo, viroba na vitalu vidogo kati ya miamba, kuanzia Kirumba na Mabatini hadi Buhongwa na Igoma. Malalamiko ni yale yale kila msimu: mche umenawiri, majani yamekolea kijani, shina limenenepa, lakini maua ni ya kuhesabu na hayo machache yanapukutika. Wapo wanaolaumu mbegu, wapo wanaolaumu joto. Mara nyingi kosa lilifanyika wiki chache kabla ua la kwanza halijafunguka, na kosa lenyewe ni kutia mbolea ya urea.

Nyanya haingoji siku zifupike ndipo itoe maua, na hapa kwetu, nyuzi mbili na nusu kusini mwa Ikweta, mchana ni karibu saa 12 mwaka mzima. Kishada cha kwanza huanza kuumbika kwenye ncha mche ukiwa bado kitaluni, una majani mawili au matatu ya kweli, ingawa jicho litakiona baadaye sana, kwa kawaida juu ya jani la saba, la nane au la tisa. Mche uliobanana na wenzake na kukosa maji huko kitaluni unafika kwenye ndoo na kishada kilichokwisha kudhoofika. Uhamishe ukiwa na wiki nne hadi tano, urefu wa sentimita 15 hivi, shina nene kama penseli. Ukikuta umechanua ungali kwenye kikopo, vunja maua hayo kwa vidole bila huruma. Mche mdogo ukianza kulea tunda, mizizi inasimama.

Ndoo iwe ya lita 20, yenye matundu matano au sita chini. Udongo wa mbuga, ule mweusi wa mfinyanzi, peke yake unatuamisha maji ukilowa na kupasuka ukikauka, na luseni, yaani udongo wa kichanga, peke yake haishiki maji wala mbolea. Changanya ndoo ndogo mbili za udongo wa juu, moja ya samadi iliyoiva, na nusu ya mchanga. Kama udongo wako ni luseni, mchanga hauhitajiki. Samadi iliyoiva haina harufu kali na haina joto ukiingiza mkono. Wenzetu wa Igombe na Luchelele wanaokusanya magugu maji wayaoze kwanza kwa miezi miwili au mitatu, kwa sababu yakiwa mabichi yanaoza ndani ya ndoo na kuchemsha mizizi. Jua la moja kwa moja lisipungue saa sita kwa siku. Lakini usiegemeze ndoo kwenye ukuta unaopigwa na jua la jioni, kwani saruji na bati hutunza joto hadi usiku, na nyanya hupukutisha maua mchana ukizidi nyuzi 32 au usiku ukibaki juu ya nyuzi 22 hivi. Ndoo nyeusi izungushie gunia.

Sasa mbolea, ambako ndiko wengi wanakoharibu. Tunatumia kipimo ambacho kila nyumba inacho: kifuniko cha soda, kinachobeba takriban gramu 5. Siku ya kuhamisha, weka kifuniko kimoja cha DAP, mbolea ya kupandia, chini ya shimo na ukifukie kwa udongo ili mizizi isiguse chumvi. DAP ina fosforasi nyingi, nayo ndiyo inayojenga mizizi na maua. Mche unaoikosa hugeuka zambarau chini ya majani. Baada ya siku 14 weka kifuniko kimoja cha CAN, mbolea ya kukuzia, kwa kuzungusha, sentimita 10 kutoka kwenye shina, funika kwa udongo kisha mwagilia. Hiyo ndiyo naitrojeni ya mwisho ya kukuza majani. Ukiona vitumba vya kwanza, kwa kawaida wiki ya tatu au ya nne tangu kuhamisha, achana na CAN na urea. Kuanzia hapo ni NPK 17-17-17, yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa uwiano sawa, kifuniko kimoja kila wiki mbili. Konzi moja ya majivu ya kuni mara moja kwa msimu inaongeza potasiamu, ila usiyaweke siku moja na samadi, CAN au urea, maana majivu huifukuza naitrojeni hewani.

Urea ina naitrojeni asilimia 46. Ukiitia wakati vitumba vinajitokeza, mmea unapokea ujumbe wa kukua: majani yanajikunja kwenda chini, shina linazidi unene wa kidole, vichipukizi vinajaa, na sukari yote inakwenda huko badala ya kwenda kwenye maua. Kwa aliyekwisha kosea, asikate majani. Asubuhi moja amwage lita 10 za maji taratibu kwenye ndoo yenye matundu mazuri ili naitrojeni ishuke na kutoka, asiweke mbolea yoyote kwa wiki mbili, kisha aendelee na NPK. Vishada vitakavyofuata ndivyo vitakavyoshika.

Wiki hizo hizo za kabla ya maua ndizo za kusimika miti ya kushikilia na kupogoa. Mti wa mita 1.5 hadi 2 usimikwe mapema, kwa sababu ukiuchomeka wakati mmea una maua unakata mizizi na vitumba vinaanguka ndani ya siku chache. Funga kwa kipande cha kanga au kamba ya katani, fundo likae kwenye mti na shina lipewe kitanzi kilegevu. Vichipukizi vinavyotoka kwenye kwapa la jani viondoe kwa vidole vikiwa havijazidi sentimita 5, asubuhi, ili kidonda kikauke mchana. Hapa aina ya mbegu ina maana sana. Anna F1 na Money Maker hurefuka bila kukoma, hivyo zilee kwa shina moja au mawili. Cal J, Rio Grande na Roma ni fupi; matunda yao yanatoka kwenye hayo matawi ya pembeni, kwa hiyo ondoa tu yaliyo chini ya kishada cha kwanza na mengine uyaache. Tumeona watu wakizipogoa Cal J kama Anna, kisha wakashangaa kupata nyanya sita kwa mche mzima. Majani yanayogusa udongo yaondolewe hadi sentimita 20 kutoka chini, maana ugonjwa wa bakajani huanzia hapo kwa matone ya mvua yanayoruka kutoka ardhini. Mvuta sigara anawe mikono kwa sabuni kwanza, kwa kuwa virusi vya tumbaku huhamia kwenye nyanya.

Maji yawe ya kila siku asubuhi, kwenye shina na si juu ya majani: lita moja wakati wa vitumba, mbili matunda yakinenepa, hasa kiangazi cha Juni hadi Septemba. Kukausha ndoo siku tatu kisha kuifurisha ndiko kunakoleta tunda kuoza kitako. Watu huambiwa watie maganda ya mayai, lakini maganda huchukua miezi kuyeyuka. Kalsiamu mara nyingi ipo udongoni. Kinachokosekana ni maji ya kuipeleka hadi kwenye tunda.

Ua la nyanya linajichavusha lenyewe, lakini chavua yake imefungiwa kwenye kijineli kinachohitaji kutikiswa. Upepo hufanya kazi hiyo shambani. Uani kwenye kuta pande zote haufiki, na nyuki wa asali hajui kulitetemesha. Kati ya saa 4 asubuhi na saa 7 mchana gonga mti wa kushikilia mara tatu nne kwa kidole, kila siku kishada kikiwa wazi. Siku za mvua, hewa ikiwa nzito, chavua hugandamana, hivyo ngoja kukauke ndipo ugonge.

Ukiona majani madogo yamekunjamana kwenda juu, yana njano pembeni na mmea umedumaa, huo ni ugonjwa wa virusi uitwao rasta, unaosambazwa na nzi weupe. Hauna dawa, ng'oa mmea mzima uuchome. Michirizi mipana yenye funza ndani ya jani ni kantangaze: chuma jani hilo, lifungie kwenye mfuko wa nailoni ukae juani. Anayelazimika kupulizia dawa wakati wa maua apulizie jioni, nyuki wakiwa wamerudi.

Tuna ombi kwa wenye maduka ya pembejeo. Mbolea inayopimwa kwenye vifuko vya robo na nusu kilo mara nyingi haina jina, na punje nyeupe ya urea na punje ya CAN zikikaa nyumbani wiki mbili hakuna anayekumbuka ipi ni ipi. Mnunuzi wa robo kilo ndiye huyu wa ndoo tano uani. Andikeni kwa kalamu ya wino jina na namba kwenye kila kifuko. Maafisa ugani wa kata nao wanapotoa ushauri wa kilo kwa ekari waongeze na kipimo cha kifuniko kwa ndoo, kwa sababu mwenye ndoo tano hana ekari ya kugawanya.

Wakulima wa bustani za nyumbani,
Ilemela, Mwanza