Bustani ya shule ipendeze na iliwe

Mhariri,

Shule nyingi hupambwa kwa maua yasiyolika huku jiko likinunua mboga sokoni. Mimea ya chakula hupendeza vilevile, ikipangwa vizuri.

Kingo za njia zipandwe mchaichai: gawa shina kuukuu, acha sentimita 60 kati ya vichipukizi. Penye mteremko, marando ya viazi vitamu yenye sentimita 30 hufunika udongo upesi na kutoa matembele. Choya, kwa mashina yake mekundu na vikombe vya maua yake vinavyotengenezewa juisi, inataka mita 1 kila upande. Mlonge hufaa kwa uzio, lakini usipokatwa ncha ukifika mita 1 hukimbilia juu, na majani hayafikiki tena.

Bustani nyingi hufa likizo ya Juni, mvua zimekwisha na hakuna wa kumwagilia. Ndiyo maana mchicha, unaovunwa baada ya wiki 4 hivi, upandwe muhula unapoanza. Likizo ibaki mimea ya kudumu, chini yake nyasi kavu. Samadi ioze miezi 3 kwanza. Ikiwa mbichi huunguza mizizi na hubeba vimelea.

Ninaloliogopa zaidi ni oleanda, kile kichaka cha majani membamba na maua ya pinki. Sehemu zake zote zina sumu inayoathiri moyo. Kabla ya kuwafundisha watoto kuchuma na kula bustanini, ing'olewe na kufukiwa. Isichomwe, maana hata moshi wake ni sumu.

Mwalimu wa kilimo,
Morogoro