Kompyuta zimo kwenye maboksi, wanafunzi wanachora kibodi

Ndugu Mhariri,

Habari yenu ya wiki iliyopita, ile yenye picha ya viongozi wa halmashauri yetu wamesimama nyuma ya meza iliyopangwa kompyuta mpakato mpya za shule, imenifanya nitafute kalamu. Tangu nistaafu ualimu mwaka 2016 sijaandikia gazeti lolote. Nimesoma mengi ya kukera, nikakunja gazeti, nikanyamaza. Hili limenishinda. Mwandishi wenu amehesabu kompyuta, amehesabu projekta, ametaja thamani yake kwa shilingi, lakini hakuuliza zitachomekwa wapi.

Mimi ni mjumbe wa bodi ya shule moja ya sekondari ya kata. Sitaji jina lake, kwa kuwa mkuu wake hana kosa na sitaki aitwe kujieleza. Miaka miwili iliyopita nasi tuliletewa kompyuta mpakato ishirini. Zilifika katikati ya Juni, shule imefungwa, hakuna mwanafunzi hata mmoja. Nilisaidia kushusha maboksi kwa mikono yangu. Nilipomuuliza dereva kwa nini zinakuja likizo, alisema mzigo wa wilaya nzima unasambazwa wiki hiyo hiyo. Anayejua mwaka wa fedha wa serikali ameshaelewa. Unaisha tarehe 30 Juni, na fedha iliyochelewa kufika, isipotumika kabla ya hapo, inaweza kurudi Hazina. Basi ununuzi uliostahili kufikiriwa tangu halmashauri ilipoanza kuandaa bajeti unafanywa kwa mbio za wiki tatu, na kwa wiki tatu kinachonunulika ni kitu cha kwenye boksi. Chumba chenye nondo hakijengwi kwa wiki tatu, wala mwalimu haivi kwa wiki tatu.

Shule ilipofunguliwa Julai, chumba kilichotengwa kilikuwa na soketi moja, madirisha hayana nondo, mlango umeliwa na mchwa. Mkuu wa shule akazifungia kompyuta zote ofisini kwake. Wazazi walimlaumu, mimi sikuweza. Kila kompyuta imebandikwa namba ya mali ya serikali, na sahihi ya kuzipokea ni yake. Moja ikiibiwa atajibu yeye. Zote zikilala kwenye maboksi mpaka betri zife, hakuna atakayemuuliza. Mtu aliyewekwa kwenye hali hiyo atafunga mlango, hata mimi ningefunga.

Mwezi uliopita mjukuu wangu, anayesoma hapo kidato cha kwanza, alinionyesha daftari lake. Amechora kibodi, kila kitufe kwa rula, na chini yake kipanya chenye mkia. Mwalimu wao alichora ubaoni, wao wakanakili. Nilimuuliza kama amewahi kukishika kipanya chenyewe. Hajawahi. Mwaka 2018 picha za mwalimu wa Ghana aliyechora programu ya kompyuta ubaoni kwa chaki za rangi zilisambaa duniani, watu wakamhurumia na kumsifu, maana shule yake haikuwa na kompyuta za kufundishia. Yetu inazo! Kutoka ubao ule mpaka ofisi ya mkuu ni hatua arobaini. Nilikwenda nikazihesabu, na niliporudi nyumbani sikula.

Nimefundisha hisabati, naomba unipe nafasi nipige hesabu. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa sekondari ya kutwa ni shilingi 25,000 kwa mwaka, na nusu yake ni ya vitabu, haipiti mkononi mwa shule. Inabaki 12,500. Shule yetu ina wanafunzi 420, kwa hiyo ni shilingi 5,250,000 kwa mwaka, yaani 437,500 kwa mwezi. Humo mna chaki, karatasi za mitihani, usafi, ukarabati mdogo mdogo na umeme wa LUKU. Kompyuta mpakato ishirini za wati 50 zikiwashwa saa nne kwa siku, siku ishirini kwa mwezi, zinakula yuniti 80. Umeme huo shule ingejikamua ikaulipa. Tatizo kubwa ni uchakavu. Kompyuta inayoshikwa na watoto mia nne ikifika miaka mitano imejitahidi sana. Maana yake kila mwaka tunapaswa kubadilisha nne. Hata tukizipata kwa milioni moja moja, hiyo ni shilingi milioni 4 kati ya 5,250,000. Nani alipiga hesabu hii kabla ya kutangaza zabuni? Hakuna kasma, yaani fungu la bajeti, ya chaja iliyoungua, hakuna ya fundi, hakuna ya bando la intaneti. Walimu waliogawiwa vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya mwaka 2022 wanaelewa ninachosema, kwa sababu ninaowafahamu mimi wananunua bando kwa mshahara wao ili wapakue vitabu vya kufundishia watoto wa watu.

Na hili si la kompyuta peke yake. Mnakumbuka maabara? Mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara za fizikia, kemia na baiolojia. Lilikuwa wazo zuri, mimi mwenyewe nililisemea kwenye mikutano ya kijiji. Tulichangishwa. Nilimshuhudia jirani yangu, mama mjane, akiuza mbuzi wake wa pekee kwa ajili ya mchango huo, naye hakulalamika, alisema ni ya watoto. Wananchi walisomba mchanga, walisomba mawe, kuta zikasimama, bati zikapigwa. Kisha tukaambiwa vifaa vinakuja. Gesi haikuja. Mabomba ya maji hayakuja kwa miaka. Kemikali zilikuja kidogo, nyingine zikaisha muda wake kabla hazijafunguliwa kwa kuwa hapakuwa na mwalimu wa kemia. Leo hii chumba cha tatu kimejaa viti vilivyovunjika. Mama yule ameshafariki, na kila nikipita pale namkumbuka yeye na mbuzi wake. Ninaposoma habari ya kompyuta naona kuta zile zile: kitu kinachopigika picha kimepata fedha, na kinachokifanya kifanye kazi kimeachiwa shule ijitafutie.

Majirani zetu Kenya waliahidiana kompyuta mpakato kwa watoto wa darasa la kwanza mwaka 2013. Zabuni ya kwanza ikavunjika, vifaa vikaanza kufika shuleni mwaka 2016. Walipita kwenye shida zao, lakini katika miaka ile ya kungoja shule nyingi za msingi za umma zilivutiwa umeme kwanza. Mpangilio huo tungeweza kuuiga.

Ninaliomba baraza letu la madiwani lipitishe utaratibu huu, na ninausema kwa dhati. Kila shilingi milioni 1 inayotengwa kununua kompyuta, laki 4 nyingine zitengwe kwenye kasma hiyo hiyo kwa ajili ya matengenezo, bando na umeme, na zisihamishwe. Mzigo usipokelewe Juni, upokelewe kati ya wiki ya pili ya Julai na mwisho wa Agosti, shule ikiwa na watu. Kabla gari halijaondoka wilayani, Afisa Elimu Sekondari afike mwenyewe na balbu ya kupimia, apime soketi kumi moja moja, ashike nondo za madirisha kwa mkono, na aandike majina ya walimu wawili waliokaa mafunzoni siku zisizopungua kumi. Mkuu wa shule naye apewe barua inayosema kwamba mlango ukivunjwa na polisi wakaarifiwa ndani ya saa 24, hatakatwa mshahara. Barua hiyo peke yake ingefungua maboksi mengi. Kama fedha haitoshi shule zote, zianze tano, ziwashwe, ndipo twende nyingine. Mimi niko tayari shule yetu iwe ya mwisho.

Bodi yetu inakutana Jumamosi ijayo. Nimeomba ajenda moja tu, kuyafungua yale maboksi mbele ya wajumbe na kuziwasha kompyuta zote ishirini, tujue ngapi bado zinawaka. Tutatumia soketi ile moja, kwa hiyo itachukua siku nzima. Ukimtuma yule mwandishi wako, nitampokea stendi mimi mwenyewe.

Mwalimu mstaafu na mjumbe wa bodi ya shule,
Kanda ya Ziwa