Mfuko wa plazma ulioyeyuka usifichwe na baridi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee wagonjwa wanaotegemea plazma hapa Tabora. Wachangiaji damu tunawahimiza kila mara, nao wanajitokeza. Yanayoupata mfuko ukishatoka kwao hatuyasemi.

Plazma ni yale maji ya manjano yanayobaki chembe za damu zikishatenganishwa. Humo mna protini zinazofanya damu ikate, ambazo mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kuzihitaji. Protini hizo haziharibiki kwa kasi moja, na fakta ya 8, ile wanayoikosa wenye himofilia A (ugonjwa wa damu kutokata upesi), ni miongoni mwa zinazowahi kuharibika. Kwa hiyo plazma hutakiwa kugandishwa ndani ya saa 8 tangu damu itolewe, kisha ikae kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi. Iliyochelewa bado ina kazi, ila fakta hiyo imepungua. Damu inayochangwa Kaliua na kusubiri usafiri hadi jioni inapoteza saa hizo bure.

Kuyeyusha nako kuna taratibu zake: maji ya nyuzi 37, si zaidi. Nimewahi kuona mfuko ukitumbukizwa kwenye beseni la maji ya moto kwa sababu mgonjwa alikuwa na hali mbaya. Haraka ile naielewa, lakini protini ikizidishiwa moto huiva kama ute wa yai, na mgonjwa huyo huyo ndiye anayekosa msaada.

Kinachonikosesha usingizi zaidi ni umeme. Ukikatika muda mrefu na jenereta isiwashwe, plazma inayeyuka. Ukirudi, inaganda upya, na anayefungua friza asubuhi anakuta mfuko mgumu usio na dalili yoyote.

Dalili inaweza kuwekwa kwa rababendi tu. Mfuko unafungwa katikati kabla ya kugandishwa, ukishakuwa barafu rababendi inatolewa, na kiuno kinabaki. Siku ya kuutumia, kiuno kikiwa kimepotea, mfuko huo uliyeyuka na usipewe mgonjwa.

Namwomba Mganga Mkuu wa Mkoa aagize jambo hili katika kila benki ya damu, pamoja na kipimajoto chenye kengele, na jina la mtu wa zamu wa kuwasha jenereta libandikwe mlangoni mwa friza. Masika hayajaanza bado, muda upo.

Msomaji wako,
Isevya, Tabora