Dhamana za serikali katika miradi ya ubia zisifichwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niseme jambo moja kuhusu miradi ya miundombinu inayojengwa kwa ubia baina ya serikali na sekta binafsi, nalo ni dhamana. Miradi hii inapozinduliwa, aghalabu tunaelezwa kwamba mwekezaji amebeba hatari zote na kwamba hazina haitatoa hata senti. Lakini katika mikataba mingi, tena kwenye viambatisho ambavyo mwananchi havioni, kimo kifungu kinachosema kwamba magari yakipungua chini ya idadi fulani serikali itafidia pengo, au kwamba umeme utalipiwa hata usipotumika, au kwamba sarafu ikishuka thamani tofauti italipwa na umma. Hilo ni deni, hata kama haliandikwi katika vitabu vya bajeti siku mkataba unapotiwa saini.

Siombi dhamana zifutwe zote. Kuna hatari ambazo serikali pekee ndiyo yenye uwezo wa kuzimudu, kama vile utwaaji wa ardhi na mabadiliko ya sheria. Mwekezaji akitwishwa hizo ataziingiza kwenye bei, nasi tutazilipa vilevile. Ubora wa ujenzi na matengenezo ni mzigo wake yeye. Penye ugumu hasa ni idadi ya watumiaji, ambayo hakuna upande unaoitawala, na ambayo hukadiriwa kwa matumaini makubwa mno kwa kuwa makadirio ya juu husaidia kushinda zabuni.

Handaki la Cross City mjini Sydney lilifunguliwa mwaka 2005 likitarajiwa kupitisha magari yapatayo 90,000 kwa siku. Yalipita takriban 30,000, na kabla ya mwaka 2006 kwisha kampuni iliyolimiliki ilikuwa mikononi mwa wadai wake. Angalau hapo hasara kubwa iliwaangukia wenye mtaji na mabenki. Meksiko mambo yalikuwa kinyume. Barabara za kulipia zilizojengwa huko kuanzia mwaka 1989 zilitolewa kwa yule aliyeahidi kuzirejesha serikalini mapema zaidi, kwa hiyo tozo zikawa kubwa mno ili mtaji urudi kwa muda mfupi, na malori yakabaki kwenye barabara za bure. Mwaka 1997 serikali ililazimika kuchukua barabara 23 pamoja na madeni yake, na walipakodi ambao hawakuwahi kuuona mkataba wowote ndio waliobeba mzigo.

Njia bora ipo, na imekwisha kujaribiwa. Chile, mwaka 1998, ilipotangaza zabuni ya barabara ya Santiago hadi Valparaíso, ilimpa ushindi aliyeomba jumla ndogo zaidi ya mapato ya tozo, yakihesabiwa kwa thamani ya fedha ya siku ile. Mkataba wa namna hiyo huisha jumla hiyo inapotimia: magari yakiwa machache muda hurefuka, yakiwa mengi hufupika, na haja ya dhamana hupungua sana. Nashangaa kwamba utaratibu huu hauigwi kwa wingi zaidi.

Uendelevu nao hauna budi kuandikwa ndani ya mkataba huohuo, maana taarifa nzuri ya mazingira inayoambatanishwa na andiko la mradi haizuii maji. Mbia anayejua kwamba ataondoka baada ya miaka michache hana sababu ya kuzibua makalvati wala kuweka tabaka jipya la lami. Daraja lililosanifiwa kwa kumbukumbu za mvua za miongo iliyopita litabomoka mikononi mwa serikali baada ya yeye kuondoka. Kwa hiyo mkataba utaje hali ambayo mali itarejeshwa nayo, ukaguzi huru uanze miaka kadhaa kabla ya tarehe ya makabidhiano, na sehemu ya mapato izuiliwe benki mpaka kasoro zote zirekebishwe.

Ombi langu kwa wabunge na wizara za fedha ni kwamba kila dhamana ikadiriwe kwa fedha kabla ya saini, iwekewe kikomo, iandikwe katika taarifa ya madeni ya taifa kila mwaka, na mkataba wenyewe uchapishwe pamoja na viambatisho vyake vyote. Mwekezaji akisema hawezi kukubali vifungu vyake vya dhamana visomwe hadharani, zabuni itangazwe upya.

Wako,
Msomaji na mlipakodi