Kikande hajageuka mkorofi, tangi ndilo dogo

Malalamiko ni yaleyale: "Mmeniuzia samaki mkorofi, amewamaliza wenzake." Tukiuliza tangi lina lita ngapi, jibu ni 100 au 120.

Kikande (triggerfish), samaki wa baharini, akiwa wa sentimita 6 huonekana anaenea popote. Aina ya Picasso hufikia sentimita 25 hivi, na yule mweusi mwenye madoa makubwa meupe tumboni hufikia 50. Wa kwanza anahitaji lita 450 angalau, wa pili 800 kwenda juu. "Nitanunua kubwa baadaye" ndiyo njia ya mkato iliyo ghali kuliko zote. Tangi unalinunua mara mbili, chujio mara mbili, na waliokwisha kung'atwa hawafufuki.

Kikande ni mlaji wa nyama, kwa hiyo amonia, sumu itokanayo na uchafu wake, hupanda upesi. Tangi jipya liendeshwe wiki 4 hadi 6 bila samaki, mpaka amonia na naitraiti (sumu inayotokana na amonia) zisome 0 kwenye kipimo. Uzito wa maji ya chumvi, ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi, uwe 1.023 hadi 1.025, joto nyuzi 24 hadi 26. Kila wiki mbili badilisha asilimia 20 ya maji, kwa maji yaliyochanganywa na chumvi tangu jana yake. Mawe yakae juu ya kioo chenyewe ndipo mchanga umwagwe, kwa sababu kikande hupuliza mchanga na kuchimba, na jiwe lililokalia mchanga litaanguka.

Wanaosema bei yetu iko juu wajue kwamba kila kikande hukaa wiki 4 kwenye tangi la peke yake, tukiangalia ugonjwa wa madoa meupe na kuhakikisha anakula. Ukiruka hatua hiyo utaishia kumwaga dawa ya shaba kwenye tangi kuu, na shaba huua kamba na matumbawe.

Usimvue kwa wavu. Mwiba wa kwanza wa mgongoni husimama, na ule mdogo wa nyuma yake huubana kama komeo. Ukinasa wavuni, kuvuta ni kumchana. Kata nyuzi za wavu. Tumia chombo cha plastiki, umteke pamoja na maji.

Meno yake hayaachi kukua. Minofu mitupu humfanya arefuke meno hadi ashindwe kula vizuri, basi mpe kamba na maganda yao, kome, na chaza. Hita ya kioo ikae kwenye tangi la chini la chujio, maana nyaya huzitafuna.

Kama una samaki wengine, kikande aingie wa mwisho. Akishaanza ubabe, panga mawe upya na umtenge siku kadhaa kwa kizuizi chenye matundu.

Kabla ya kuja, pima tangi lako. Zidisha urefu, upana na kina kwa sentimita, kisha gawanya kwa 1,000. Sentimita 90 kwa 45 kwa 45 ni lita 182, na hapo mawe na mchanga havijatolewa. Kwa tangi hilo hatutakuuzia kikande.