Johnny angemshinda Daniel, ila si siku ile

Mhariri,

Msomaji wa Nakuru aliyeandika wiki iliyopita kwamba Daniel LaRusso alibebwa na mwamuzi dhidi ya Johnny Lawrence katika fainali ya mashindano ya karate ya filamu The Karate Kid amekosea kuhusu sheria. Na waliomjibu kwamba Daniel ndiye mpiganaji bora wamekosea kuhusu karate. Ubishi huu umepamba moto upya vijiweni hapa Kisumu, Kondele hadi Kibuye, tangu mfululizo wa Cobra Kai, unaoendeleza hadithi ya wawili hao, uanze kuonyeshwa mwaka 2018. Nami naomba nafasi niuangalie kwa jicho la pambano lenyewe.

Sheria za mashindano yale zinatajwa ndani ya filamu ya The Karate Kid (1984). Ali, mpenzi wa Daniel, anamweleza kwamba pigo lolote la juu ya kiuno lina alama, kichwa kikiwemo. Anayefikisha alama tatu kwanza ndiye mshindi. Matokeo yakiwa 2-2, teke la Daniel, lile la korongo la kuruka kutoka mguu mmoja, likampata Johnny usoni. Alama halali, 3-2. Waliovunja sheria ni Bobby, mwenzake Johnny, aliyempiga Daniel gotini katika nusu fainali akaondolewa, na Johnny mwenyewe, aliyeshusha kiwiko kwenye mguu uleule uliokwisha umia akapewa onyo.

Kufagia mguu si kosa, jambo ambalo wengi hawalijui. Chini ya sheria za leo za Shirikisho la Karate Duniani, ukimfagia mpinzani akaanguka, kisha papo hapo ukamshushia ngumi iliyodhibitiwa, unapata ippon, yaani alama 3. Teke la kichwani nalo ni alama 3, lakini linatakiwa kugusa kwa kiasi. Teke la kumwangusha mtu kama lile lingemletea Daniel adhabu, isipokuwa waamuzi waone kwamba Johnny alijiingiza mwenyewe bila kujilinda. Kosa hilo la kutojilinda lina jina: mubobi. Na hapo Johnny hana utetezi, kwa sababu alikwenda moja kwa moja, mikono iko chini, kidevu mbele.

Sasa litazameni teke lenyewe. Uzito wote uko kwenye mguu mzima, goti limepinda kidogo. Ukilinyoosha kabisa huna nguvu ya kuruka. Mguu ulioumia umeinuliwa. Mguu wa chini unasukuma sakafu, goti lake linapanda kwanza, kisha unafyatuka kulenga kidevu. Mguu aliosimamia ndio huohuo anaopigia, kwa hiyo lazima atue kwa ule mwingine, ule mbovu. Daniel hakuwa na pigo la pili. Johnny angerudi nyuma hatua moja tu, Daniel angetua kwa mguu usiobeba uzito wake, mikono ingali hewani na mbavu wazi. Teke la mzunguko la mbavuni lingemaliza kazi.

Anayewatazama korongo ufuoni Dunga anajua ndege yule hamfukuzi samaki. Anasubiri samaki ajilete. Teke la korongo ni hivyo hivyo: linamfaa anayekimbilia kwako, na kwa anayetulia halifai kitu.

Ndiyo maana nasema wakutane mara kumi, wote wazima, Johnny atashinda mara saba. Yeye ndiye aliyekuwa bingwa mtetezi. Daniel alianza kufundishwa na mwalimu wake, Miyagi, baada ya Halloween, mwisho wa Oktoba, na mashindano yakawa Desemba. Hizo ni wiki saba hivi, tena nyingi alizitumia kung'arisha magari, kusugua sakafu na kupaka rangi ua. Kazi hizo zinajenga kinga nzuri. Mikono inajua njia bila kufikiri. Lakini kinga haina alama, na ndoo ya rangi haimfundishi mtu kupima umbali wala kusoma bega la mpinzani kabla ngumi haijatoka. Hayo yanapatikana kwa kupigana na watu wengi tofauti, kitu ambacho Johnny alikifanya katika Cobra Kai, dojo yake (ukumbi wa kufundishia karate), na Daniel hakukifanya.

Hizo tatu zilizobaki Daniel atazichukua kwa kupigana akiwa karibu na mpinzani. Jina la Miyagi linatokana na Chojun Miyagi, mwanzilishi wa Goju-ryu, mtindo wa misimamo mifupi na kinga za mviringo za mkono wazi. Mbinu za Cobra Kai zinafuata Tang Soo Do, mtindo wa Korea wenye mateke marefu. (Mwamuzi wa fainali ile, Pat Johnson, ndiye aliyepanga mapigano ya filamu, na Tang Soo Do ndiyo iliyokuwa karate yake.) Daniel akibaki mbali ataliwa na mateke. Amwache Johnny aanze, atoke kando nusu hatua badala ya kurudi nyuma, azungushe kinga, kisha ngumi ya mkono wa nyuma kifuani kabla Johnny hajaurudisha mguu chini. Johnny akikasirika hurudia shambulio lilelile la mstari mmoja, na hapo ndipo mlango wake ulipo.

Neno kwa wazazi ambao watoto wao wanaliiga teke hili kwenye saruji: hatari yake ni kutua. Kifundo cha mguu hupinda, au goti likageuka ndani. Mtoto aanze kwa kusimama mguu mmoja sekunde 30 kila upande bila kuyumba, kisha aruke na kubadili miguu bila kupiga, juu ya mkeka, akitua huku goti limepinda na kuelekea upande wa vidole. Teke liongezwe baada ya hapo, la kiunoni kwanza.

Mwalimu wa karate,
Kondele, Kisumu