Barua ya wazi kwa mjomba aliyemchoka Bwana Msa

Mjomba, shikamoo.

Ulisema mbele ya watu, nami naomba ruhusa nikujibu mbele ya watu. Ulisema Bwana Msa, yule mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, amechuja. Kitabu cha kwanza ulikisoma usiku kucha, cha pili ukakisifia kila mtu, na kuanzia hapo kila kilichofuata ulikimaliza kwa taabu kuliko kilichotangulia, mpaka *Mwana wa Yungi Hulewa* ukakifunga katikati na hukukirudia tena. Wajukuu zako walikuwepo, wakakusikia. Wewe ndiye uliyetufundisha sote katika ukoo huu kupenda hadithi za upelelezi, kwa hiyo ukisema kitabu kimeisha ladha hakuna atakayejisumbua kukifungua. Ndiyo maana sikuweza kunyamaza.

Sikatai kwamba hamu yako imepungua. Ninachokataa ni kumbebesha Bwana Msa lawama yote peke yake.

Kumbuka ulianzia wapi. *Mzimu wa Watu wa Kale* ilishinda mashindano ya hadithi ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957/58, ikatoka kitabu mwaka 1960. Wakati huo msomaji wa Kiswahili alikuwa na hekaya, alikuwa na tafsiri za riwaya za Kiingereza, na alikuwa na Shaaban Robert. Mpelelezi wa kwake, anayevuta kiko na kuzungumza Kiswahili cha Unguja, alikuwa bado hajampata. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, aliyewahi kuwa mkaguzi wa afya kabla hajawa mhariri wa magazeti, akamleta. Maiti inakutwa mzimuni, mahali ambapo watu wazima walikuwa wanapita huku wameinamisha vichwa, na anatokea mtu anayeuliza maswali kana kwamba mahali hapo ni kama pengine popote. Ile raha ya kuona woga wa kijiji kizima ukipanguliwa kwa akili ya mtu mmoja ndiyo iliyokukesheza, Mjomba. Umenihadithia zaidi ya mara moja, na kila mara macho yako hung'aa.

Kisha ikaja *Kisima cha Giningi*, mwaka 1968. Giningi! Mtoto aliyelelewa visiwani hahitaji kuelezwa kwamba huko ndiko wachawi wanakosemekana kukutana. Jina tu lilitosha kumsisimua msomaji. Lakini hebu tazama: ni fundo lilelile. Jambo ambalo watu wamelisukumia kwa wasioonekana, Bwana Msa analirudisha kwa binadamu. Mara ya kwanza linakushangaza, mara ya pili linakufurahisha kwa sababu umeanza kumjua. Mara ya tatu lisingewezekana. Msomaji aliyevisoma vitabu viwili hivyo ameshajua kwamba mzimu haukuua na mchawi hakuiba, na hakuna mwandishi anayeweza kumrudishia ule woga wake wa kwanza.

Abdulla alilijua hilo. Tazama majina ya vilivyofuata: *Duniani Kuna Watu* mwaka 1973, *Siri ya Sifuri* mwaka 1974, *Mke Mmoja Waume Watatu* mwaka 1975, *Mwana wa Yungi Hulewa* mwaka 1976, *Kosa la Bwana Msa* mwaka 1984. Hakuna mzimu tena, wala Giningi. Siri imehama kichakani, imeingia nyumbani. Sasa swali si nani aliyeua tu. Ni mtoto huyu wa nani, nani alimlea, nani anajijua na nani hajijui, na nani amenyamaza miaka yote hiyo na kwa faida ya nani. Wewe ulikwenda kwenye vitabu hivyo ukitafuta kile kilichokukesheza mwanzo, hukukikuta, ukasema mwandishi ameishiwa. Mimi nasema alikuwa amehamia kwenye swali zito zaidi, ambalo halina mlio wa kushtua.

Halafu kuna suala la muda, ambalo watu hawalitaji wanapozungumzia mfululizo wowote. Kati ya kitabu cha kwanza na cha pili ilipita miaka minane, na ndani ya miaka hiyo yakaja Mapinduzi ya Januari 1964 na Muungano wa Aprili. Msomaji wa 1960 aliyemsubiri Bwana Msa alimpokea akiwa raia wa nchi nyingine. Kisha Abdulla akastaafu kazi ya mhariri msaidizi wa *Mkulima*, jarida la kilimo, mwaka huohuo wa 1968, na baadaye vitabu vinne vikafuatana ndani ya miaka minne. Kilichokuwa adimu kikawa karibu, na hamu haipendi ukaribu. Umesema mwenyewe kwamba cha nne ulikipata kabla hujaanza kukitamani.

Na tuseme kweli, Mjomba: ulikuwa umeshahamia kwa Willy Gamba, yule jasusi wa riwaya za Elvis Musiba. Mwaka uleule wa *Siri ya Sifuri*, 1974, Musiba alitoa *Kufa na Kupona*, na vijana wengi wa umri wako wakamfuata. Nyaraka za siri za Kamati ya Ukombozi, ile ya nchi za Afrika ya kuwasaidia wapigania uhuru, zimeibwa Dar es Salaam, Gamba anapanda ndege kwenda Nairobi, bastola, magari, hoteli, wanawake warembo, makaburu nyuma ya kila njama. Nani angerudi kukaa na mzee wa kiko anayefikiri? Nampenda Gamba, tena sana. Alizaliwa wakati Dar es Salaam ilikuwa kweli makao ya wapigania uhuru, na hasira iliyomo kwenye kurasa zake ilikuwa hasira ya mitaani, si ya kubuni. Lakini mwaka 1994 ubaguzi wa rangi ukaanguka Afrika Kusini na Kamati ya Ukombozi ikafungwa. Nimempa binti yangu *Kufa na Kupona*, akaipenda mbio zake, ila ilibidi nimweleze Kamati yenyewe ilikuwa kitu gani na kwa nini watu wauane kwa sababu ya makaratasi yake. Nilipompa *Duniani Kuna Watu* hakuuliza swali la namna hiyo hata moja. Urithi, ndoa, mtoto aliyefichwa, jina la baba: hayo anayaona kila siku.

Lawama yako si ngeni. Bwana Msa ana damu ya Sherlock Holmes, mpelelezi wa hadithi za Kiingereza za Conan Doyle, hilo linajulikana, na Holmes alipitia haya yote. Conan Doyle alimwua mwaka 1893 kwa kumchoka, wasomaji wakalalamika, akamrudisha, na hadithi zikaendelea mpaka 1927. Doyle mwenyewe amesimulia jinsi mwendesha mashua mmoja wa Cornwall alivyomwambia kwamba pengine Holmes hakufa alipoanguka lile genge, lakini tangu siku hiyo hakuwa tena mtu yuleyule. Ninalipenda simulizi hilo kwa sababu yule mtu wa mashua alikuwa bado anasoma. Alimwona Holmes amebadilika, akaendelea naye.

Kuna jambo moja ambalo nakupa haki. Mafundo ya nasaba katika vitabu vya baadaye yanakazwa mno. Kila kitabu kimesukwa kwa ugumu kuliko kilichopita, na kuna kurasa ambapo msomaji anahitaji kalamu ili ajue nani ni shangazi wa nani. Mimi huandika majina kwenye karatasi na kuyaunganisha kwa mistari. Siku nyingine karatasi yenyewe inanipa raha kuliko mauaji yoyote, siku nyingine najiuliza kama Abdulla asingeweza kumwondoa jamaa mmoja au wawili bila hasara. Huo ni udhaifu, na sitaki kuufunika.

Lakini kilichowachosha wengi wa rika langu hakikuwa nasaba. Ni shule. Vitabu hivi vilipoingizwa madarasani tulikutana na Bwana Msa tukiwa tumeshatajiwa muuaji, tukiwa na orodha ya dhamira, wahusika na tamathali za semi za kukariri kabla ya mtihani. Riwaya ya upelelezi inakudai usijue. Ukiisoma ukiwa umeshajua, na umejua kwa sababu ya alama, umenyang'anywa kitu ambacho hakirudi kwa urahisi. Wenzangu wengi wanasema hawampendi Bwana Msa, na nikiwauliza wamesoma kipi kwa hiari yao, hawana jibu. Wewe ulimsoma kwa hiari. Una bahati ambayo sisi hatukuipata, na inaniuma kukuona ukiitupa.

Kuna Kiswahili chenyewe pia. Ulikuwa unatusomea kwa sauti yale mabishano ya Bwana Msa na Najum, rafiki na msaidizi wake, ukirudia sentensi kwa sababu ya utamu wake tu. Utamu huo haukupungua kitabu hata kitabu. Nikilinganisha, mazungumzo ya vitabu vya miaka ya sabini yananivutia kuliko ya *Mzimu*, kwa sababu wasemaji wana mengi zaidi ya kufichana, na mtu anayeficha huchagua maneno.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja tu. *Kosa la Bwana Msa* hukulisoma. Lilitoka miaka minane baada ya kile ulichokifunga katikati, na wewe ulikuwa umeshafunga mlango. Ninalo, nitalileta nikija. Usianze kwa kumtafuta yule Bwana Msa wa 1960. Msome huyu kama mzee mwenzio, maana hata jina la kitabu linakwambia kwamba safari hii mwenye akili kuliko wote amepatikana na kosa, na sijui wapelelezi wangapi wamewahi kuruhusiwa hilo na waandishi wao. Ukichoka, usilitupe tena kimya kimya. Nitajie ukurasa uliokuchosha na mbele ya wajukuu walewale tuubishanie.

Mpwa wako.